Harusi ya Gabriella Ndani ya Mfuko Mmoja

Kompyuta ya nyumbani kwa Antoinette ilianza kukoroma wakati Gabriella anaingia kanisani. Bibi harusi alikuwa ameinua mguu kupanda kizingiti, shela limetandazwa nyuma yake, na mguu ule ukabaki hewani. Antoinette akangoja. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akapuliza kwenye vile vitundu vya kutolea joto. Bibi harusi hakushusha mguu. Mwishowe skrini ikawa nyeusi, na Antoinette akajiona mwenyewe humo ndani, mdomo wazi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Papa Aline," aliita, "kuya uone. Gabriella amekataa kuingia mu kanisa."

Mumewe, Adolphe, aliingia na kamera shingoni. Wawili hawa walijulikana katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa kazi ya harusi. Adolphe ndiye aliyepiga video, akipanda juu ya viti na kuwakanyaga wageni miguu. Antoinette, ambaye kazi yake ya asili ni ushonaji, ndiye aliyezikata na kuziunga kwenye kompyuta hiyo ya mtumba, pembeni ya cherehani yake. Adolphe aliishika mashine, akasikia ilivyo moto, akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Ikaamka kwa kunguruma.

"Inazeeka," alisema. "Siku moja italala moja kwa moja. Na hii harusi iko fasi moja tu, njo humu ndani."

"Na kadi ya kamera?"

Adolphe alijikuna shingo. "Kadi nilishafuta. Tulikuwa na harusi ingine Jumamosi, ningefanya je?"

Antoinette aliirudisha miwani yake juu ya pua. Ingekuwa harusi nyingine yoyote, wenyewe wangenuna, wangewasema kidogo kanisani, yakaisha. Hii ilikuwa ya binti wa Capitoline, jirani yao Mrundi, ambaye nyumba yake na yao zinagawana ukuta. Siku mwanawe anaolewa, Capitoline alikuwa amelazwa hospitali Lilongwe, ametoka kupasuliwa tumbo. Bwana harusi ana duka Nampula, huko Msumbiji, na duka halikuweza kungoja mshono upone. Gabriella akaolewa, akachukuliwa, akaenda. Mama yake aliporudi alikuta kitanda cha binti kimetandikwa na kipande cha keki kimekauka kwenye sahani. Antoinette alimshika mkono mbele ya watu, akamwambia kwamba ataiona harusi yote, kama vile alikuwepo. Tangu hapo Capitoline alikuwa akiulizia kila asubuhi, kwa upole, na upole huo ulimsumbua Antoinette kuliko kama angegombezwa.

Mchana, wakila nsima, ugali wa Malawi, na matembele, nyumba ilikaa kikao. Walikuwa watatu tu, lakini kikao kilikuwa na kelele za watu kumi. Binti yao Aline, aliyekuwa akisaidia kufundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana, ndiye aliyeanza.

"Tutume mu internet. Hata nyumba ikiungua, harusi inabakia."

"Inabakia wapi?" mama yake aliuliza.

"Kwa mashini za bantu, mbali kule. Amerika."

"Bantu gani? Tunabajua?"

"Hauna lazima ya kubajua, mama."

"Mi harusi ya mutoto wa Capitoline sitaweka kwa mutu sijui hata jina ya mama yake."

Adolphe alicheka mpaka nsima ikampalia. Hata hivyo walijaribu. Aline aliketi kivulini na simu, bando jipya ndani, na wote watatu wakaangalia mstari mdogo wa kijani ukisogea. Ukasogea, ukasimama, ukatafakari. Halafu bando likaisha. Kilichokuwa kimefika Amerika ni mchungaji akikohoa kabla ya sala ya kufungua.

"Basi flashi," Adolphe alisema.

"Ile yako ya sokoni?" Antoinette alimuuliza. "Yenye ilikata kwaya katikati ya haleluya?"

Adolphe akarudi kwenye matembele yake. Ile flashi ilikuwa imeandikwa kwamba inabeba kila kitu, ikabeba nusu, na viongozi wa kwaya hawakuwa wameisahau.

"Mi ningesema CD," sauti ilitoka ukutani. "CD unaishika, unaiona na macho."

Wote watatu waliacha kutafuna. Ilikuwa sauti ya Capitoline. Ukuta wa matofali mabichi haukuficha kitu, na walikuwa wameshalisahau hilo kwa joto la mjadala. Kwa hiyo alikuwa amesikia yote: mashine inazeeka, kadi imefutwa, harusi iko mahali pamoja tu. Antoinette aliona uso wake unawaka.

"Tutapanga muzuri, Mama Gabriella," alijibu kuelekea ukutani.

"Najua mutapanga," ukuta ulisema. "Muendelee kukula."

Mwishowe walikubaliana wanunue diski, ile ya kuchomeka pembeni, inayobeba harusi zote za Dzaleka na bado ikabaki na nafasi. Antoinette aliuza kitenge cha njano alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya Pasaka, na hakulalamika sana, ila alilitaja jambo hilo kila alipopata nafasi. Aline alikwenda mjini akaileta: kitu cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Asubuhi iliyofuata walihamisha harusi yote. Kazi ilikuwa ndefu, na muda wote Antoinette alisimama akiipepea kompyuta kwa mfuniko wa sufuria. Gabriella alipokwisha kuingia kwenye diski, shela na yote, Antoinette alivuta pumzi, akaifunga diski ndani ya kitambaa cha mezani, akaisukuma kwenye mfuko. Kisha akachukua kompyuta, akaiweka juu yake, akafunga zipu.

Mfuko wenyewe ni ule wa nailoni wenye miraba ya bluu na nyekundu, na makazi yake yalikuwa nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na karatasi za ukimbizi, kadi ya chakula, cheti cha ndoa ya kanisani, vyeti vya shule vya Aline, Biblia, na picha mbili tatu za watu waliobaki Fizi, kwao Kongo. Nyumba nyingi za Dzaleka zina mfuko kama huo nyuma ya mlango, na hakuna anayeuliza wa nini.

"Mama," Aline alisema taratibu, "njo umeziweka pamoja?"

"Niweke wapi? Kitu ya maana inakaa na zingine za maana. Siku ya kukimbia unavuta mukono moja tu, byote binatoka."

"Hatuko tunakimbia."

"Hata Fizi hatukuwa tunakimbia, mupaka ile asubui."

"Lakini kopi iko juu ya hiyo: moja ikipotea, ile ingine inabakia. Ukiziweka mu mufuko moja, ni kama huna kopi."

Antoinette aliketi kwenye kigoda cha cherehani. "Sikia, Aline. Masini yangu ya kwanza ya kushona niliachia shemeji anichungie. Radio niliachia jirani. Mbuzi niliachia mutu wa kanisa. Sijaona hata kwato. Kile nilibeba mi mwenyewe, njo niko nacho."

Aline alimgeukia baba yake, na Adolphe, aliyeonekana kama ana jibu, alikumbuka ghafla kwamba kamera inahitaji kufutwa vumbi.

Siku ya kupeleka kompyuta Lilongwe ikasafishwe, Antoinette alibeba mfuko mzima. Kuiacha diski nyumbani kungekuwa kutenganisha, na kutenganisha ndiko alikokataa. Fundi alikuwa Lwaboshi, mtu wa Bukavu mwenye meza yake kwenye soko la Mchesi, katikati ya wauza nyanya na wauza chaja. Aliifungua kompyuta, akachungulia, akachukua kijiti. Akavuta uzi mweupe. Akavuta uzi mwekundu. Akavuta bonge la manyoya ya kitambaa, na ndani yake kijipande cha kitenge cha njano.

"Mama," alisema, "hii kompyuta ilikuwa inashona?"

Wateja wawili wakacheka. Mwenye nyanya, ambaye hakuelewa neno, akacheka pia.

"Inakaa pembeni ya masini," Antoinette alijibu kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya.

"Njo juu ya ile haipumui. Itapona. Lakini utafute na diski, uweke kopi ya vitu vyako."

Antoinette alijiona ameshinda kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Aliingiza mkono mfukoni, akaitoa diski ndani ya kitambaa chake, akaiweka mezani. Lwaboshi aliitazama diski, akaitazama kompyuta, akautazama mfuko.

"Umetembea nazo pamoja kutoka Dzaleka? Mwizi akikukuta atakushukuru, atakupa na merci."

"Atanikuta nimeikalia."

"Na mvua? Na moto?" Lwaboshi hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kuwa na watazamaji. "Peleka moja nyumba ingine, mama. Kwa mutu unaamini."

"Nitawaza," Antoinette alisema. Alikuwa ameshawaza, na kila alipofika kwenye neno lile kuamini alimwona mbuzi wake akikata kona. Alirudisha vyote mfukoni, akavuta zipu mpaka mwisho, akatoka na kicheko cha Mchesi kikimsindikiza.

Aliposhuka kwenye minibasi barabarani, alichukua kabaza mbili, zile baiskeli za kubeba abiria. Mara zote alipakata mfuko mwenyewe, lakini siku hiyo ulikuwa mzito na mwenye baiskeli aligoma katakata: njia ina mashimo, mama na mzigo wake watamwangusha. Antoinette alikubali mfuko ufungwe kwa mpira kwenye baiskeli ya pili, kwa sharti kwamba hiyo ya pili itangulie, ili auone njia nzima. Na kweli aliuona. Aliiangalia miraba ya bluu na nyekundu ikirukaruka mbele yake, mpaka mnyororo wa kabaza yake ukachomoka.

"Zikomo, mayi, dakika moja tu," dereva alimwomba radhi kwa Kichewa, akichutama.

Mfuko uliendelea mbele, ukapanda kilima, ukashuka upande wa pili. Antoinette alipiga kelele, lakini upepo ulikuwa unatoka huko, na sauti yake ikamrudia mwenyewe. Mnyororo uliporudi mahali pake, barabara ilikuwa tupu hadi kambini. Nyumbani mfuko haukuwepo. Njia panda haukuwepo. Kwenye kituo cha kabaza kila mtu alimjua yule dereva, na kila mtu alikuwa na maelezo yake juu ya anakoishi.

Adolphe na Aline walitoka kutafuta, huyu huku na huyu kule. Antoinette alibaki kwenye kizingiti, mikono mitupu mapajani, asijue pa kuiweka. Akamwona Capitoline akija polepole, mkono juu ya mshono wake. Ukuta ulikuwa umeshamwambia.

"Mama Gabriella," Antoinette alisema bila kuinua macho, "nimepoteza harusi yako. Ile ya kompyuta na kopi yake. Mi njo niliziweka pamoja. Bantu walinikataza, mutoto wangu alinikataza, fundi alinichekelea. Nikakataa."

Capitoline alijishusha akaketi kando yake.

"Na karatasi zenu?"

"Zote."

"Yoo, Mama Aline. Mi ninalilia shela, na weye umepoteza mupaka jina."

Kwa namna alivyolisema, Antoinette aliinua kichwa. Capitoline alikuwa na machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheza. Wakatazamana, na wote wawili wakashikwa na kicheko, kile kicheko kibaya kinachokuja msibani. Capitoline alijishika tumbo, akamwomba mwenzake aache, mshono unauma.

"Basi nieleze," alisema alipopata pumzi. "Weye ulikata ile picha. Umeiona kuliko bantu walikuwa pale."

Antoinette hakuwa amelifikiria hilo. Alianza kwa kusitasita, na mguu wa Gabriella juu ya kizingiti. Kisha alieleza alivyomwona akigeuka nyuma kabla hajaingia, akitafuta mtu kati ya watu, na kwamba kipande hicho Adolphe alitaka kikatwe kwa sababu kamera ilitikisika, yeye akakataa.

"Alikuwa anatafuta nani?" Capitoline aliuliza.

"Weye."

Capitoline aliitikia kwa kichwa, na Antoinette akaendelea haraka. Alieleza shangazi wa bwana harusi aliyecheza mpaka kiatu kikaruka kwenye meza ya wakubwa. Alieleza keki ilivyoinama upande wa kushoto. Alieleza Adolphe alivyomkanyaga mchungaji katikati ya baraka, na baraka zikatoka na neno "aii" ndani yake. Capitoline alicheka, akauliza, akataka arudie rangi ya nguo za wasimamizi. Watu wawili watatu waliopita walisimama kusikiliza, na mmoja wao, aliyekuwepo harusini, alisahihisha upande ulioinamia keki.

Adolphe aliwakuta hapo. Hakuwa na mfuko. Aliketi upande wa pili wa mkewe, akajipangusa jasho.

"Aline amefika kwa yule kabaza. Muke yake anasema hajarudi." Akajipangusa tena. "Mama Aline, siku tunatoka Fizi, nani alisema tusipite njia moja?"

Antoinette aliinamisha kichwa.

"Ni weye. Weye na Aline mukapita mulima, mi na mama yangu tukapita ziwa. Nilikuwa ninalia, ninataka tuende pamoja. Ukasema: tukikamatwa fasi moja, nani atabakia wa kumutafuta mwenzake? Bantu uligawa. Sasa diski njo inakushinda?"

Alilisema bila ukali, akiangalia njia. Antoinette aliukumbuka mlima ule, na mgongo wa mumewe ukishuka kuelekea majini, na jinsi alivyojizuia kumwita. Alimshika mkono, jambo ambalo hakuzoea kulifanya mbele ya watu.

Yule mwenye kabaza alitokea jua likiwa bado juu, akiikokota baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa bapa kabisa. Alikuwa amepata pancha, akakata njia ya mkato kutafuta wa kuziba, hakumpata, akaanguka kwenye mfereji, akainuka. Mfuko ulikuwa bado umefungwa kwa mpira wake, umejaa matope upande mmoja. Aliomba radhi kwa Kichewa kirefu sana. Antoinette alimpa maji, akampa nsima, na akataka kumpa kiti, lakini dereva alisema ameshachoka kukaa.

Diski ilikuwa salama ndani ya kitambaa. Kompyuta iliwaka, ila skrini ilikuwa imepata ufa, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Hivyo ndivyo Capitoline alivyoiona harusi ya mwanawe siku iliyofuata, majirani wamejazana mpaka mlangoni: Gabriella alipita nyuma ya mstari, akatokea upande wa pili.

"Huu mustari ni nini?" mtu aliuliza.

"Ni pazia," Capitoline alijibu. "Munyamaze."

Alipofika mahali binti anapogeuka nyuma, alimwomba Antoinette arudishe. Akarudisha. Akaomba tena. Hakuna aliyelalamika, na sehemu ya keki ikangojwa.

Watu walipoondoka, Antoinette aliitoa diski, akaifunga vizuri, akamkabidhi Capitoline mikononi. "Hii itakaa kwako. Si yako peke yako, ni ya harusi zote. Lakini itakaa kwako."

Kuiacha mkono ilikuwa kazi. Capitoline ilibidi aivute kidogo.

Asubuhi Antoinette aligonga kwa jirani kuomba kiberiti. Siku iliyofuata alikwenda kuuliza kama kuna maji bombani. Siku ya tatu alikuwa hajapata la kuuliza alipofika mlangoni, na Capitoline, akichochea uji, hakugeuka.

"Iko," alisema. "Sijaikula."

"Nilikuya tu kukusalimia."

"Basi salimia, ukae."

Antoinette aliketi, ameona haya, akapewa uji. Capitoline aliingia ndani, akakaa huko kitambo, zipu ikasikika ikifunguliwa. Alirudi na picha moja, ndogo, kingo zimeliwa. Mwanamume amesimama kando ya baiskeli, suruali amekunja mguu mmoja, anacheka na anayepiga picha.

"Ndayisenga wangu, baba ya Gabriella," Capitoline alisema. "Njo picha moja tu iliyobakia. Weye ukae nayo."

"Nitaipiga kopi, nitakurudishia leo."

"Kopi piga. Lakini yenyewe ikae kwako. Mi pia niko na mufuko nyuma ya mulango, Mama Aline."

Antoinette alitembea hadi kwake, hatua chache tu, ameishika picha kwa vidole viwili. Aliijaribu ndani ya Biblia, akaitoa. Akaijaribu juu ya kabati, akaona joto la bati. Adolphe alimwambia ni picha tu, akamjibu kwamba hajui anachosema. Mwisho aliiweka chini ya vitambaa vya satini kwenye sanduku la cherehani, na mchana kutwa aliwafukuza watu wasilisogelee.

Kesho yake, uji haujachemka, mlango uligongwa. Alikuwa Capitoline, ameshika kikombe kitupu.

"Nilikuwa ninaomba chumvi," alisema, na macho yake yakapita juu ya bega la Antoinette, yakaingia ndani, yakatafuta.

Antoinette hakwenda jikoni. Alifungua sanduku, akainua satini, akaileta ile picha, akamwekea mkononi. Capitoline aliitazama, akaipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akamrudishia. Kisha akaaga, akarudi kwake bila chumvi.